Wikendi ndefu New Orleans: watu wawili, Ijumaa hadi Jumatatu

New Orleans ni mji wa kupanga kwa siku za wiki, si kwa ramani. Jumapili mchana bendi za matarumbeta zinashika barabara. Jumatatu ni siku ya wali na maharage mekundu, na siku hiyohiyo makumbusho ya jimbo yaliyo katikati ya mji hufungwa. Shamba la Whitney, makumbusho ya utumwa nje ya mji, hufungwa Jumanne. Mgahawa wa Dooky Chase's haupiki Jumapili wala Jumatatu. Wenzi wengi hupanga safari kwa kuangalia kipi kiko karibu na kipi, wanakesha kwenye baa za Bourbon Street usiku wa Jumamosi, wanaamka Jumapili saa 7 mchana, na jambo kubwa kuliko yote linawapita mitaa michache tu kutoka hotelini. Ratiba hii imejengwa juu ya Jumapili. Siku nyingine zinaizunguka.

Saa zote humu ni za Kiswahili: tiketi iliyoandikwa 5:30 p.m. ni saa 11:30 jioni.

Kabla ya kuondoka

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Aprili. Msimu wa vimbunga huanza 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na joto la Julai na Agosti huwa na unyevu unaolowesha shati kabla hujamaliza mtaa wa pili. Wikendi ya Martin Luther King, Jumatatu ya tatu ya Januari, inafaa sana. Wikendi ya Jumatatu ya tatu ya Februari ina mtego: Mardi Gras, kilele cha karnivali ya mji, huangukia popote kati ya 3 Februari na 9 Machi, kwa hiyo miaka mingine sherehe hizo hugongana na bei za vyumba hupaa. Angalieni kalenda kabla ya kulipa.

Chumba kisiwe Bourbon Street, wala dirisha lake lisiitazame Bourbon Street, maana kelele hazipoi hadi alfajiri. Ndani ya French Quarter, mtaa wa zamani wa mji, ombeni chumba kinachotazama ua wa ndani. Nafuu zaidi ni hoteli za upande wa pili wa Canal Street, karibu na kituo cha tramu. Bei mnayoiona mtandaoni mara nyingi haina kodi ya chumba, ambayo inazidi asilimia 15, wala ada nyingine za hoteli. Piga hesabu ya mwisho kabla ya kulinganisha.

Wekeni nafasi za vitu vitatu mapema: chakula cha jioni Dooky Chase's siku ya Ijumaa, tiketi za Preservation Hall, na ziara ya makaburi ya St. Louis Cemetery No. 1. Vingine vyote vinasubiri.

Ijumaa: kuingia mjini

Kwa wanaotoka Houston, ambako Waswahili ni wengi, ni kama maili 350 kwa barabara ya I-10, saa tano na nusu pasipo vikwazo. Vikwazo viko viwili. Cha kwanza ni daraja la Atchafalaya, maili 18 juu ya kinamasi, ambako ajali moja husimamisha kila mtu kwa sababu hakuna pa kuchepukia. Cha pili ni daraja la Mississippi pale Baton Rouge, ambako njia hubanwa na magari kuganda. Ijumaa kati ya saa 10 na saa 12 jioni msiwe hapo. Ondokeni Houston saa 12 asubuhi, mtapita Baton Rouge kabla ya mchana kuchacha.

Anayekuja kwa ndege anatua uwanja wa Louis Armstrong, ulioko Kenner. Teksi hadi French Quarter ina nauli maalumu, dola 36 kwa abiria mmoja au wawili. Kwa hiyo kama programu ya simu inawatajia zaidi ya hapo, nendeni kwenye foleni ya teksi. Gari la kukodi msilichukue leo. Maegesho ya hoteli hula dola 40 na zaidi kwa usiku, barabara za French Quarter ni nyembamba, na wanaoburuta magari yaliyoegeshwa vibaya hawana simile. Gari litahitajika Jumatatu tu.

Saa 11:30 jioni, Dooky Chase's, Orleans Avenue, mtaa wa Tremé. Mgahawa huu ulianza 1941. Leah Chase aliongoza jiko lake kwa miongo mingi hadi uzee wake, akafariki 2019. Miaka ambayo sheria ilikataza Weusi na Weupe kula meza moja, wapigania haki walikutana hapa, wakapanga mambo yao huku wakila gumbo, mchuzi mzito wa Louisiana. Kutani kuna michoro ya wasanii Weusi wa Marekani. Msiketi tu, izungukieni.

Agizeni gumbo. Msingi wake ni roux: unga wa ngano na mafuta kwa kipimo sawa, moto mdogo, mwiko hauachi kukoroga hata kidogo, nusu saa au arobaini na tano, hadi rangi itoke kwenye mchanga ifike kwenye chokoleti. Vikionekana vidoadoa vyeusi roux imeungua, inamwagwa, unaanza upya. Hakuna njia ya kuiokoa, uchungu wake hufuata chungu kizima. Ikiiva, kitunguu, figili ya shina na pilipili hoho zinatupwa humo na kuzima joto. Uzito wa ziada unaletwa na bamia, au na filé, unga wa majani ya sassafras ambao wenyeji wa asili, Wachoctaw, waliwafundisha wageni. Filé hutiwa moto ukishazimwa, la sivyo mchuzi huvuta nyuzi.

Jambo la muhimu kwa Waislamu na wote wasiokula nguruwe: gumbo ya vyakula vya baharini mara nyingi ina soseji au nyama ya nguruwe ndani yake, hata kama jina linataja kamba na kaa tu. Maharage mekundu hupikwa na nguruwe. Mboga za majani vilevile. Usiulize kama chakula kina nyama, uliza kama kuna nguruwe, soseji au mafuta ya nguruwe, na uliza kila mahali upya. Kilicho salama kwa kawaida ni samaki, kamba na chaza wa kuchoma au kukaanga, lakini mafuta ya kukaangia yaulizwe pia.

Saa 2:30 usiku, Preservation Hall, 726 St. Peter Street. Ukumbi umekuwepo tangu 1961. Ni chumba kidogo chenye mabenchi na sakafu ya mbao, hauuzi vinywaji, hauna choo, na kupiga picha wakati wa muziki hakuruhusiwi. Kila onyesho ni dakika 45. Fikeni nusu saa mapema na mmeshajisaidia. Hakuna vipaza sauti vikubwa: klarineti inakufikia ilivyo, na mkikaa karibu na ngoma mtasikia brashi zinavyokwaruza ngozi kabla ya pigo.

Baadaye pitieni Bourbon Street kwa dakika ishirini mwione, kisha mwondoke. Pombe inaruhusiwa barabarani ikiwa kwenye kikombe cha plastiki, chupa ya kioo hairuhusiwi, na umri ni miaka 21 kwa kitambulisho. Mtu akikuwekea dau kwamba anajua viatu vyako umevipata wapi, usisimame. Jibu lake ni kwamba umevipata miguuni mwako, Bourbon Street, na atadai dola 20.

Jumamosi: mji wa zamani

Saa 1:30 asubuhi, Café du Monde, iliyoko hapa tangu 1862. Beignet, maandazi ya Kifaransa, huja tatu kwa sahani zikiwa zimefunikwa na sukari ya unga, kahawa ina chikori (mzizi uliokaangwa na kusagwa) na maziwa. Sahani mbili na kahawa mbili zinawatosha. Msivute pumzi mnapouma, sukari huingia kooni. Kuanzia saa 3 foleni inazunguka kona, na hapo heri mwende kwingine kuliko kusimama saa nzima.

Vuka barabara, uko Jackson Square. Mji ulianzishwa na Wafaransa 1718, lakini sehemu kubwa ya mnachokiona ni ya enzi za Wahispania. Moto wa 1788 uliteketeza nyumba zaidi ya 800, mwingine ukaja 1794, na baada ya hapo ujenzi ukawa wa matofali, kuta za kugawana na nyua za ndani. Angalieni vibaraza vya chuma. Vyepesi vyenye mapindo machache ni chuma kilichofuliwa kwa nyundo, na ni vya zamani. Vile vizito vyenye majani na matunda kama shada ni chuma cha kusubu cha karne ya 19. Nyumba ya LaBranche, kona ya Royal na St. Peter, ina majani ya mwaloni na njugu zake ghorofa mbili nzima.

Ingieni leo Cabildo, jengo la makumbusho ya jimbo, Jumatatu limefungwa. Ndimo Louisiana ilimokabidhiwa Marekani mwaka 1803. Saa moja inatosha.

Saa 4:30 asubuhi, St. Louis Cemetery No. 1, Basin Street. Makaburi haya ya mwaka 1789 hayaingiliki bila mwongozaji tangu 2015, kwa sababu wageni walikuwa wakiyachora na kuyabomoa. Ziara ni kama dakika 45, hakuna kivuli, hakuna choo. Makaburi yamejengwa juu ya ardhi, na namna yanavyofanya kazi inafaa kuielewa kabla ya kuingia. Maiti huwekwa kwenye chumba cha juu, mlango unazibwa kwa tofali na lipu, na haufunguliwi mpaka upite mwaka mmoja na siku moja. Joto la Louisiana ndani ya matofali humaliza kazi. Kisha jeneza linaondolewa, mifupa inasukumwa chini kwenye shimo la pamoja la ukoo, na nafasi inabaki kwa anayefuata. Ndiyo maana jiwe moja lina majina kumi na tano. Watu wengi huja kwa ajili ya kaburi la Marie Laveau, malkia wa voodoo wa karne ya 19. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe pia la Homer Plessy, aliyekaa kwenye behewa la Weupe 1892 na kesi yake ikaishia Mahakama Kuu 1896, ambako ubaguzi ulipewa muhuri wa sheria. Louisiana ilimsamehe rasmi Januari 2022.

Alasiri ni ya tramu ya St. Charles. Pandeni kona ya Canal na Carondelet, mwanzoni kabisa, la sivyo hampati kiti. Nauli ni dola 1.25 kila mtu, na sanduku halirudishi chenji, au lipeni kwa programu ya Le Pass. Mabehewa ya kijani ni ya miaka ya 1920, viti vya mbao, hakuna kiyoyozi, madirisha hufunguliwa kwa mkono. Mwisho hadi mwisho ni kama dakika 45. Shukeni Washington Avenue mkatembee Garden District, mtaa wa majumba makubwa ya zamani. Njia za miguu zimebinuliwa na mizizi ya mialoni, kwa hiyo viatu vya kisigino viacheni hotelini. Tramu ikisimama muda mrefu, mara nyingi ni gari lililokatiza reli likaganda. Kukiwa na gwaride, njia inakatwa na mabasi hubeba abiria.

Mnaotaka bustani badala ya majumba, chukueni tramu nyekundu ya Canal Street hadi City Park, ambako bustani ya sanamu ni bure. Lakini someni kibao cha mbele. Njia hugawanyika Carrollton Avenue: iliyoandikwa Cemeteries haifiki bustanini, mnayoitaka ni City Park/Museum.

Mvua ikinyesha sana, tupeni mpango wote mwende National WWII Museum, makumbusho ya Vita Kuu ya Pili, mkae humo kwa muda wa saa tatu au nne. Mvua kubwa hapa si jambo la kupuuza: sehemu kubwa ya mji iko chini ya usawa wa bahari, maji hutolewa kwa pampu, na barabara hujaa kwa dakika chache.

Saa 3 usiku, Frenchmen Street, kama dakika ishirini kwa miguu kutoka Jackson Square. Kumbi zimepangana: The Spotted Cat, d.b.a., Snug Harbor. Simameni mlangoni, sikilizeni nyimbo mbili, kisha chagueni. Utaratibu ni kinywaji kimoja kwa kila mtu kwa kila onyesho, soda inakubalika kabisa, na ndoo ya bendi inapopita mtu hutia dola 5 au zaidi. Wanamuziki wengi wanaishi kwa ndoo hiyo, wala haifai kupiga video nusu saa na kuondoka mkono mtupu. Saa 6 usiku ikifika chukueni teksi hata kama hoteli iko karibu, mkalale.

Jumapili: Tremé

Anzeni kanisa la St. Augustine, lililoanzishwa 1841. Watu Weusi huru walinunua viti vya ibada kwa ajili yao, kisha wakanunua vingine wakawapa watumwa. Nje ubavuni kuna Kaburi la Mtumwa Asiyejulikana: msalaba mkubwa wa minyororo ya chuma umelala upande, pingu zinaning'inia, na misalaba midogo imeuzunguka. Wakatoliki wasali, wengine waje baada ya misa, na hapo sauti ziwe chini.

Kisha second line. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Juni, karibu kila Jumapili, chama kimoja cha mtaani hufanya gwaride lake la mwaka. Vyama hivi vilianza karne ya 19 kama vyama vya kuzikana: watu walichanga, mwenzao akiugua wanamlipia daktari, akifa wanamzika kwa bendi. Anayeijua beni ya pwani yetu, Marini na Arinoti, sare na ushindani na tarumbeta, ataelewa haraka kuliko mtalii mwingine yeyote. Wanachama na bendi ndio mstari wa kwanza. Umma unaofuata nyuma na pembeni ndio wa pili, na hakuna tiketi.

Ratiba na ramani ya njia hutolewa na redio WWOZ, 90.7 FM, kwenye tovuti yake siku chache kabla. Piga picha ya ramani ile. Gwaride huanza saa 6 au saa 7 mchana na kwenda kwa muda wa kama saa nne, likisimama kwenye baa na nyumba kadhaa. Msilifuate kutoka nyuma, mtalikosa kila kona. Tafuteni kituo cha pili au cha tatu, mlingoje hapo, mwingie linapopita.

Mtasikia tuba kwanza, kifuani kabla ya masikioni. Ngoma kubwa ina toasi dogo juu yake linalopigwa kwa waya au bisibisi. Tromboni huwa mbele kwa sababu mkono wake unahitaji nafasi. Wacheza hukanyaga chini ya pigo, magoti yamelegea, mmoja anapanda juu ya paa la baraza na kucheza pale. Wanachama hulindwa na kamba inayobebwa na wenzao. Msiingie ndani ya kamba kutafuta picha, na msisimame mbele ya bendi mkirudi kinyumenyume. Ombeni ruhusa kwa ishara kabla ya kumpiga mtu picha ya karibu.

Kinachoharibu siku hii ni vitu vidogo. Vyoo havipo, na baa hutaka ununue kitu kwanza, kwa hiyo bebeni noti za dola 1 na 5. Maji na nyama choma huuzwa kwenye magari ya mizigo, taslimu. Simu huishiwa chaji. Njia yaweza kuishia maili tatu kutoka mlipoanzia, mahali ambapo teksi hazipatikani upesi, basi ondokeni kituo kimoja kabla ya mwisho. Mvua ikinyesha gwaride huahirishwa.

Alasiri, Congo Square, ndani ya Louis Armstrong Park, Rampart Street. Sheria ya Wafaransa ya 1724 iliwaachia watumwa Jumapili, na amri ya mji ya 1817 ikawalazimisha wakusanyike mahali pamoja tu: hapa. Waliuza mazao yao, wakapiga ngoma, wakacheza bamboula na calinda kwa makundi ya asili zao, wengi wakiwa wametekwa Senegambia na Kongo. Kwingine Marekani ngoma ilipigwa marufuku, hapa iliendelea wazi kwa miaka mingi, na mapigo mliyoyafuata mchana barabarani yana mizizi yake hapa. Jumapili alasiri wapiga ngoma bado hukutana. Keti, sikiliza, ukikaribishwa ingia. Msimu wa joto kali, second line zinaposimama, hii ndiyo iwe nguzo ya Jumapili yenu.

Sanamu ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazz aliyezaliwa mji huu 4 Agosti 1901, iko bustanini humohumo. Novemba 1960 alipiga muziki Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, nchi ikiwa vitani. Msomaji wa Katanga akisimama mbele ya sanamu hiyo ana jambo lake mwenyewe la kufikiria.

Jioni msipange kitu. Miguu itakuwa imekwisha. Po'boy ya kamba, mkate mrefu wa gamba jepesi, inawatosha wawili mkichukua nzima.

Jumatatu: Whitney

Ondokeni saa 2:30 asubuhi. Shamba la Whitney liko Wallace, ukingo wa magharibi wa mto, karibu saa moja kwa gari. Wasio na gari watumie basi la watalii, lakini wahakikishe tiketi inasema Whitney. Mashamba mengine njia hiyohiyo yanaonyesha zaidi samani za bwana na bustani za harusi. Whitney lilifunguliwa kama makumbusho Desemba 2014 kwa habari za watumwa peke yake.

Ni matembezi ya nje: kofia, maji, viatu vinavyostahimili tope. Kwenye kuta za granite kumeandikwa majina ya watumwa. Field of Angels peke yake ina watoto 2,200 wa parokia ile (ndivyo Louisiana inavyoita wilaya) waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kanisani kuna sanamu za udongo za watoto, ukubwa wa binadamu. Simameni pia kwenye masufuria ya chuma ya kupikia sukari. Yalipangwa mstari kutoka kubwa hadi dogo juu ya tanuri moja, na mtumwa alihamisha maji ya miwa yanayochemka kwa upawa mrefu, sufuria hadi sufuria, usiku na mchana, tangu Oktoba hadi Desemba, kwa sababu muwa uliokatwa huharibika haraka na baridi ya kwanza huua uliobaki. Mtu aliyesinzia aliungua. Kuna kumbukumbu ya uasi wa 1811 pia, uliopita kwenye ukingo wa pili wa mto, wa mashariki, kuelekea New Orleans. Tengeni muda wa saa tatu, na msipange kingine asubuhi hiyo.

Wenye ndege ya jioni warudi mjini kwa maharage mekundu: zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na chungu kilichemka chenyewe mama akiwa kwenye beseni. Rudisheni gari saa mbili na nusu kabla ya ndege. Wanaoendesha kurudi Houston hawana haja ya kuingia mjini tena. Daraja la Veterans Memorial liko palepale Wallace, linawavusha mto hadi Gramercy, na kutoka hapo I-10 ni mwendo mfupi kuelekea magharibi. Jazeni mafuta kabla ya Baton Rouge, na mlivuke daraja lake kabla ya saa 10 jioni.